Aniceti Kitereza: Mzee wa Ukerewe na Jeraha Aliloliandika

Ukitaja Ukerewe mbele ya wanafunzi wa hapa Mwanza, wengi watakumbuka machungwa, dagaa na meli ya kwenda Nansio. Wanaosoma Kiswahili wataongeza jina la Euphrase Kezilahabi, kwa sababu Rosa Mistika wengi wetu tumeisoma. Lakini Kezilahabi alipokuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, kisiwani kwao kulikuwa na mtu mzima wa karibu miaka 50 aliyekuwa anamalizia kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe. Huyo ni Aniceti Kitereza. Riwaya yake leo tunaijua kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Jina refu, najua, na kitabu chenyewe ni kirefu zaidi.

Namwandika kwa sababu moja. Siku hizi hapa chuoni maneno ya kujitambua yamejaa kila mahali. Kwenye semina za vijana, kwenye video za simu, hata kwenye vipindi vya saikolojia, tunaambiwa tuingie ndani ya nafsi zetu, tutafute yaliyofichika, tuyaponye. Ni ushauri mzuri. Shida yake ni kwamba haumwambii mtu aanzie wapi, wala akishaliona jeraha lenyewe alifanye nini. Kitereza alikuwa na jeraha moja kubwa, la aina ambayo jamii yake iliihesabu kuwa aibu. Maisha yake yanaonyesha njia moja ya kulishika jeraha bila kulikimbia na bila kulipigia ngoma barabarani. Tumfuate tangu mwanzo.

Mtoto wa dunia iliyokuwa inageuka

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 kisiwani Ukerewe, katika ukoo wa Abasilanga, ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Mtawala wao Wakerewe walimwita Omukama. Mwaka mmoja tu kabla hajazaliwa, 1895, Wajerumani walikuwa wamemng'oa Omukama Rukonge baada ya misheni ya Mapadri Weupe kisiwani humo kushambuliwa, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa kwenye ukoo wa wakubwa wakati ukubwa wenyewe umeshaanza kuporomoka. Miaka hiyohiyo sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe Afrika Mashariki, na ndui nayo ilikuwa inazunguka ikichukua watu. Baba yake Kitereza alikufa kwa ndui mtoto akiwa na miaka kama mitano. Mama na mwanawe wakaenda kuishi kwa jamaa za baba, karibu na makao ya Omukama.

Hapo tayari ana vitu viwili vya kumuuma mtoto yeyote: baba hayupo, na nyumba anayoishi si ya kwao hasa. Wapo kati yetu wanaoijua hali hiyo vizuri. Unakula kwa baba mdogo, unasomeshwa na mjomba, na kila mara unajipima usije ukaonekana mzigo. Ila kukulia pale kulimpa pia kitu ambacho kingekuja kumsaidia. Alikaa karibu na wazee, akasikia hadithi, methali, kesi za ndoa, habari za watawala waliopita. Alisikia Kikerewe cha watu waliokijua hasa.

Mwaka 1905 hivi akaanza shule ya misheni pale Kagunguli. Akabatizwa, akapata jina la Aniceti. Alikuwa na kichwa chepesi, na mapadri walikiona. Akiwa kijana wa miaka 13 hivi wakampeleka Rubya, ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Bukoba, kwenye seminari. Huko alikaa karibu miaka kumi akisoma masomo ya kumwandaa kuwa padri: Kilatini, Kijerumani, falsafa, teolojia. Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto, Waingereza waliitwaa Ukerewe na kisha Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Kijana aliyekuwa amejifunza Kijerumani ili aelewane na wakubwa akajikuta wakubwa wamebadilika, na lugha yao pia.

Upadri hakuufikia. Mwaka 1919 aliacha njia hiyo, akarudi kwao, akamwoa Anna Katura.

Nyumba isiyo na mtoto

Maisha ya kazi ya Kitereza hayana makeke. Alifanya kazi za ukarani na hesabu kwa wafanyabiashara wa kandokando ya ziwa. Baadaye alirudi kwenye mazingira ya misheni ya Kagunguli, akawa anafanya kazi za tafsiri na kukusanya hadithi, methali, desturi na historia ya Wakerewe. Kwa nje, mtu aliyetulia: anajua kusoma, anajua lugha, anaheshimika.

Kwa ndani kulikuwa na jambo jingine. Yeye na Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja.

Kwa msomaji ambaye hajaishi vijiji vya Kanda ya Ziwa, ngoja nieleze uzito wa sentensi hiyo. Kwa jamii nyingi za huku, mtoto hahesabiwi kama nyongeza ya ndoa. Ndiye ndoa yenyewe. Mtoto ndiye atakayebeba jina la babu, ndiye atakayekuzika, ndiye atakayekutaja ukishaondoka. Mtu asiye na mtoto anaitwa mgumba au tasa, na neno hilo linaweza kutumika kwenye ugomvi wa maji kisimani kama jiwe. Na kwa kawaida jiwe hilo hurushwa kwa mwanamke. Mwanaume yeye hupewa ushauri: oa mwingine. Ushauri huo haumhitaji hata afikirie.

Katika familia yetu yupo mama mkubwa wa namna hiyo. Ndiye aliyenilea kila likizo, ndiye aliyeninunulia begi la kidato cha kwanza. Wanafamilia wote wanampenda, na wote wana namna ya kupunguza sauti wakizungumzia watoto mbele yake. Huo upole wa kunyamaza nao unaumiza. Yaani kila mtu anajua, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna anayesema. Nilipokuja kusoma habari za Kitereza na Anna, nilimwona yeye.

Kitereza angeweza kuoa mke wa pili. Ukoo wake ungemwelewa, majirani wangemwelewa, na desturi ilikuwa upande wake. Hakuoa. Alibaki na Anna. Imani yake ya Kikatoliki ilikuwa na sehemu yake, bila shaka, lakini tunawajua wengi waliobatizwa wakapata njia ya kuzunguka. Yeye alikaa kwenye ndoa ileile, na ile nafasi tupu ndani yake, miaka nenda miaka rudi.

Sasa swali ni hili: mtu anayekaa na nafasi tupu namna hiyo anaifanya nini? Wengine huijaza pombe. Wengine huijaza hasira, wakamgeuzia mke. Wengine wanakuwa wacheshi kupita kiasi, kila kikao wao ndio wachekeshaji, na hakuna anayewauliza wanalala vipi. Kitereza aliandika.

Aliyempa Myombekere

Mmoja wa waliomtia moyo alikuwa Padri Almas Simard, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, aliyeona kazi yake ya kukusanya desturi na kuona kuwa mtu huyu anaweza zaidi ya kuorodhesha. Kitereza naye alikuwa na lengo lake, na alilieleza wazi: alitaka lugha na maisha ya Wakerewe yasipotee, vizazi vya baadaye vijue wazee wao waliishi vipi. Hilo ndilo lengo la mbele. Badala ya kuandika kitabu cha maelezo tu akaamua kuyaweka ndani ya hadithi, na mwaka 1945 hadithi ikakamilika.

Na tazama hadithi aliyoichagua. Angeweza kuandika juu ya Omukama fulani na vita vyake. Damu yenyewe ilikuwa ya Kisilanga. Angeweza kuandika juu ya wawindaji au wavuvi wa ziwani. Akachagua mume na mke wanaopendana ambao hawana mtoto.

Myombekere na Bugonoka wanaishi Ukerewe ya kabla ya wazungu. Ndugu za Myombekere wanamsema Bugonoka, wanamsimanga, wanamtaka mume amwache. Wazazi wa Bugonoka, Namwero na Nkwanzi, wanaposikia binti yao anavyotendwa wanakuja kumchukua. Myombekere anabaki peke yake nyumbani. Hapo msomaji anategemea atafute mwanamke mwingine. Badala yake anaifuata njia ya ukweni kwenda kumwomba mkewe arudi. Wakwe hawamrudishii hivihivi. Wanamtoza faini ya pombe, na kazi ya kuitengeneza pombe hiyo ya ndizi inaelezwa hatua kwa hatua mpaka unasikia harufu yake. Mke anarudi. Kisha wawili hao wanamwendea mganga, Kibuguma, na matibabu ni marefu, yenye masharti. Mwishowe anazaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baada yake wa kike, Bulihwali. Kitabu kinaendelea nao mpaka wanakua na kuoa na kuolewa.

Majina ya watoto hao yana uzito wake. Ntulanalwo, kwa Kikerewe, ni jina la mtu anayeishi na kifo pembeni yake. Bulihwali ni swali: huzuni itaisha lini? Wazee wa huku walikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la yale waliyoyapitia, na Kitereza aliwapa hawa majina hayo. Hata alipowaletea furaha watu wake wa kwenye karatasi, hakujidanganya kwamba furaha inafuta yaliyotangulia. Mtoto wa furaha aliitwa kwa jina la huzuni, na akalelewa hivyohivyo, akakua vizuri.

Sitaki kusema kwamba Kitereza aliandika kitabu kizima ili ajitibu. Mwenyewe hakuyaweka hivyo, na kumfanya mwandishi kuwa mgonjwa anayelia kwenye karatasi ni kumpunguza. Kitabu kimejaa mambo mengine: namna ya kusalimiana, kilimo, uvuvi, ugonjwa, mazishi, jinsi mkwe anavyokaa mbele ya mkwe. Lakini mtu ambaye nyumba yake haina mtoto, ambaye amekataa kumwacha mkewe, anapokaa chini na kuandika kurasa zaidi ya 600 juu ya mume aliyekataa kumwacha mke kwa sababu ya mtoto, hatuhitaji kusomea saikolojia ili tuone uhusiano.

Nadhani siri iko hapo. Hakulitoa jeraha lake nje likiwa uchi, na hakulizika. Alilipa jina la mtu mwingine. Alimwita Myombekere, akamsogeza nyuma miaka mingi, kabla ya misheni na kabla ya Wajerumani, akamwacha atembee. Ukilipa jeraha lako jina la mtu mwingine, unaweza kulitazama usoni. Unaweza hata kumwonea huruma huyo mtu, jambo ambalo wengi wetu tunashindwa kujifanyia wenyewe. Unaweza kumfuata mpaka ukweni, ukamwona anavyoaibika, na ukajua kwamba aibu haikumuua.

Kuna jambo jingine. Kitereza hakumponya Myombekere kwa kumfungia chumbani atafakari. Kuna wakwe, kuna faini, kuna pombe ya kutengeneza, kuna mganga wa kumwendea kwa miguu. Maumivu ya ndoa hiyo yanashughulikiwa mchana, mbele ya watu, kwa kazi za mikono. Sisi tunaambiwa kuponya nafsi ni safari ya mtu mmoja. Kwa Kitereza mtu anaanza peke yake pale anapokubali kwamba anaumwa, halafu anavaa viatu na kwenda kwa watu.

Lugha ya ndani

Kitereza alijua Kilatini, Kijerumani na Kiswahili. Riwaya akaiandika kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa kimoja na pwani yake. Kibiashara ulikuwa uamuzi mbaya, na alilipia, kama tutakavyoona. Lakini kwa mambo ya ndani sidhani kama alikuwa na njia nyingine. Maneno aliyoyasikia mtoto wa miaka mitano aliyefiwa na baba yalikuwa ya Kikerewe. Maneno ambayo majirani walimsengenyea Anna yalikuwa ya Kikerewe. Jeraha lina lugha yake.

Hapa chuoni tunasoma kwa Kiingereza, tunafanya mitihani kwa Kiingereza, na hata fomu ya mshauri nasaha unaweza kuikuta kwa Kiingereza. Mtu akiulizwa ana shida gani anajibu kwamba ana msongo, maana neno hilo linafaa kwa kila kitu: sapu, bumu kuchelewa, mchumba kuondoka, mama kuumwa. Mwambie mtu huyohuyo ajieleze kwa Kisukuma, Kijita, Kihaya au Kikerewe, kama angekuwa anamweleza bibi yake jikoni, utashangaa yatakayotoka. Sisemi tukiache Kiingereza, maana mtihani hautatusubiri. Nasema kuna chumba ndani yetu ambacho ufunguo wake tumeuacha nyumbani.

Miaka 35 ya kusubiri

Kitabu kikaisha, na hakuna aliyekichapisha. Kikerewe kilikuwa na wasomaji wachache, na wachapishaji wanahesabu wasomaji. Padri Simard aliondoka na mswada akakusudia kuutafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla kitabu hakijatoka. Miaka ya 1950 ikapita. Uhuru ukaja 1961. Kitereza akawa mzee wa miaka 60, kisha 70, na kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa bado ni rundo la karatasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili kutoka Marekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, walikuja Ukerewe. Gerald alikuwa anatafiti historia ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu. Walimkuta mzee huyu, wakauona mswada, wakamtia moyo. Ushauri uliomfikia ulikuwa kwamba kitabu kitapata mchapishaji kikiwa kwa Kiswahili. Basi mzee akakaa chini tena, na umri ule, akakitafsiri chote yeye mwenyewe.

Jamani, hebu tulifikirie hilo. Kuandika jambo linalokuuma mara moja ni kazi. Kulirudia neno kwa neno baada ya miaka zaidi ya 20, kwa lugha nyingine, ukiwa umeshazeeka na nyumba yako bado haina mtoto, ni kazi ya namna nyingine kabisa. Mara ya kwanza aliandika kwa ajili ya watu wa kisiwa chake. Mara ya pili aliwafungulia mlango Watanzania wote. Kile alichokuwa amekiweka kwenye lugha ya ndani, sasa alikuwa tayari kisomwe na mtu wa Tanga na mtu wa Songea.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa, na kitabu kina mwaka 1980. Kitereza alifariki Aprili 1981, kabla nakala hazijamfikia. Hakukishika kitabu chake mkononi.

Baadaye kikasafiri. Wajerumani wakakipata kwa lugha yao kwa kazi ya Wilhelm Möhlig, miaka ya 1990. Kifaransa nacho kikafuata. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mzaliwa wa Ukerewe pia, akakitoa kwa Kiingereza akitafsiri moja kwa moja kutoka Kikerewe, kupitia Mkuki na Nyota. Mtu aliyekosa wasomaji nje ya kisiwa chake sasa anasomwa Ulaya.

Alipona?

Kama kupona ni kupata ulichokikosa, hakupona. Hakubaki na mtoto, na hata sifa ya kitabu ilifika amekwishazikwa. Ila sisi wa ualimu tumefundishwa habari za Erik Erikson na hatua zake nane za ukuaji wa nafsi. Ya saba ni ya mtu mzima wa makamo. Hapo, anasema Erikson, mtu ama anajishughulisha na kizazi kinachokuja ama anadumaa. Kwenye notisi tunaandika haraka kwamba hatua hiyo ni ya kulea watoto, tunageuza ukurasa. Lakini Erikson mwenyewe hakuifungia kwenye kuzaa. Kufundisha kumo, kutengeneza kitu kumo, kuacha jambo litakalowafaa wasiozaliwa bado kumo. Kitereza aliandika ili vizazi vijavyo wajue wazee wao waliishi vipi. Hakuwa na wa kwake katika vizazi hivyo, na bado aliwaandikia. Kama unatafuta mfano wa hatua ya saba wa kuweka kwenye mtihani, upo hapa ng'ambo tu, mwendo wa meli.

Kuhusu kuandika kwenyewe, kuna utafiti mmoja wa mwaka 1986 unaotuhusu sisi wanafunzi. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake waliwaweka wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika jambo lililowaumiza sana maishani, matukio pamoja na jinsi walivyojisikia. Hawa wa pili walipomaliza kuandika walikuwa na huzuni kuliko wenzao. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Naipenda habari hiyo kwa sababu haifichi sehemu ya kwanza. Kuchimba kunauma. Anayekuahidi kwamba utachimba ukicheka anakuuzia kitu.

Sisi vijana wa kiume hasa tuna kazi hapa. Tumelelewa kwamba mwanaume anameza. Baba akiondoka unameza, ukidisko unameza, ukiambiwa huna kitu unameza, halafu siku moja unamtapikia mtu asiyehusika, mara nyingi msichana anayekupenda. Kitereza alikuwa mwanaume wa mwaka 1896, wa ukoo wa watawala, kwenye jamii iliyomruhusu kumtupia mkewe lawama zote. Akaandika riwaya ambayo mwanaume anakwenda kuomba msamaha ukweni, anatozwa faini, na anailipa.

Si lazima uandike kurasa 600. Daftari la shilingi chache linatosha, na dakika 15. Mpe huyo anayeumia jina lisilo lako kama lako linakushinda. Mweke Ukara, mweke Kome, mweke popote. Andika kwa lugha uliyolilia ukiwa mdogo. Ukiona yanayotoka ni mazito kuliko mikono yako, fanya kama Myombekere na Bugonoka: nendeni kwa anayejua kutibu. Chuoni wapo washauri, nje wapo madaktari na wazee wenye busara, na kuwaendea si udhaifu. Myombekere alikwenda kwa miguu.

Mimi nimekisoma kitabu hiki likizo nzima, polepole, na nimempelekea mama yangu mkubwa nakala. Alipofika pale Bugonoka anapochukuliwa na wazazi wake, alikifunika akakaa nacho mapajani. Halafu akaniuliza kama mume anamfuata. Nikamwambia asome tu. Anasoma.